Uwele wa Mwanangu Niliwapa Kuku

Mchungaji wangu, shikamoo. Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Na ninyi wengine wote, Bwana asifiwe! Jamani, hiyo amina imetoka kwa kina baba peke yao. Kina mama wa Mandewa, Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia, maana neno la leo nimewaletea ninyi hasa.

Mnanijua. Mimi ni Mama Yunisi wa kwaya, yule mwenye sauti kubwa na maneno mengi. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, ila siahidi. Nilichobeba kina aibu ndani yake, na mtu akieleza aibu yake harakaharaka anaficha nusu.

Ndugu zangu, nilikaribia kumuua mwanangu. Sikumpiga, sikumtupa. Nilimlisha vibaya huku chakula kizuri kiko ndani ya nyumba, kwa sababu nilikionea haya.

Mimi na mume wangu kwetu ni Mkalama. Tulipooana tukahamia hapa Singida mjini, yeye akafanya kazi ya kupaka rangi nyumba za watu. Kazi hiyo mnaijua ilivyo: wiki mbili ipo, mwezi mzima haipo. Lakini mama mkwe wangu aliyebaki kijijini hakutuacha. Kila alipopata nafasi alitutumia mzigo kwa basi. Ndani yake kuna uwele, karanga, mboga ya mlenda mkavu alioutwanga mwenyewe, na chupa ya mafuta ya alizeti. Mwanamke mwenye akili angepiga magoti kumshukuru Mungu. Mimi nilinuna.

Nilinuna kwa sababu ya majirani. Tulipanga nyumba yenye wapangaji wanne, na sote tulipikia uani, kila mtu anaona sufuria ya mwenzake. Siku moja, Yunisi akiwa bado ananyonya, nimekaa zangu nasonga ugali wa uwele. Akapita mpangaji mwenzangu, Mama Debora. Huyu ni dada mmoja mtanashati, mdomo wake mwepesi kuliko miguu yake. Akatazama sufuria, akasema, "Mama Yunisi, kumbe kijiji hamkukiacha, mmekibeba." Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, ili wasijue kwamba imeniuma.

Maneno hayo tu, ndugu zangu! Hayakuzidi hapo. Lakini majivuno yangu yalikuwa yamesimama mlangoni yanasubiri kukaribishwa. Tangu siku ile sikusonga tena uwele uani. Nikawa mtu wa sembe nyeupe, tambi, chai ya rangi na maandazi. Sembe ikiisha tunashindia chai. Mlenda nikaufunga kwenye mfuko mweusi nikausukuma chini ya kitanda, utafikiri ni mali ya wizi. Karanga nikakaanga nikauza dirishani.

Na uwele je? Nilikuwa na kuku. Mnajua sisi watu wa Singida na kuku, wanunuzi wanatufuata na matenga yao mpaka mlangoni kwenda kuwauza Dar. Basi kila asubuhi nachota uwele kwenye gunia, nawamwagia. Kuku wale walinawiri! Jogoo mmoja alikuwa anatembea uani kama mwenyekiti wa mtaa. Nikauza kuku, nikauza mayai, nikanunua sembe na tambi. Mwanangu hakuonja yai hata moja. Nikiwa na mimba yake nilikatazwa mayai, na alipozaliwa nikaambiwa mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Hilo nililiamini bila kuuliza swali.

Mama mkwe akipiga simu anauliza kama uwele unatosha. Namjibu tunakula mama, asante sana, Mungu akubariki. Nilikuwa nimeokoka wakati huo! Naimba kwaya, nafunga, nakemea mapepo ya watu wengine, na mama wa watu namdanganya kwenye simu.

Yunisi alipoacha ziwa nikawa nampa uji wa sembe na sukari. Asubuhi uji, mchana uji au ugali na mchuzi wa nyanya, jioni chai na andazi. Baada ya miezi kadhaa mashavu yake yakajaa. Miguu ikawa minene. Watu wakasema mtoto amenona, na mimi nikavimba kichwa. Nywele zikaanza kuwa nyepesi, rangi ya kahawia. Nikasema hiyo ni rangi ya kwa shangazi zake. Akawa halii, hachezi, anakaa tu kwenye mkeka anatazama. Nikamsifia ni mtoto mpole. Kliniki nilishaacha kumpeleka, maana mtoto mnene hivyo anapimwa nini?

Siku aliyoharisha ndiyo nikampeleka, nikitaka dawa ya kuharisha tu. Nesi aliyetupokea alikuwa binti mdogo. Akamtazama Yunisi, akamtazama tena. Akashika mguu wake, akaubonyeza juu kwa kidole gumba, akahesabu kimoyomoyo, akaondoa kidole. Pale alipobonyeza pakabaki shimo. Nilisubiri lijae, halikujaa.

Akaniambia kwa upole, "Mama, mtoto huyu hajanenepa. Amevimba."

Nilimbishia. Ndiyo, mimi na mdomo wangu! Nikamwambia mtoto anakula mara tatu kwa siku. Akauliza anakula nini. Nikaanza kutaja, na kadiri ninavyotaja najisikia mwenyewe: uji, uji, chai. Akaandika karatasi, tukalazwa hospitali siku hiyohiyo. Daktari hakunificha. Alisema utapiamlo umefika pabaya, watafanya wanaloweza, lakini siku zile za kwanza asingeweza kuniahidi kitu. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mwanangu.

Nikaomba. Lakini niwaambie ukweli, maombi yangu yalikuwa ya ujanja. Nilimwambia Bwana amponye mtoto, na wakati huohuo nilimwomba mama mkwe asijue. Nilitaka muujiza na siri yangu ibaki palepale. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naficha huku mauti yako kitandani na mwanangu.

Siku ya tatu mlango wa wodi ukafunguliwa, nikamwona mama mkwe. Mume wangu alikuwa amempigia simu. Mama wa watu amekuja kwa basi la alfajiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, na begani kiroba cha uwele. Nikainuka kumwamkia, shikamoo ikatoka nusu. Akaweka mzigo chini, akamshika Yunisi mguu. Halafu akaniuliza kwa Kinyiramba, taratibu, kama uwele aliotuma mara ya mwisho ulikuwa umekwisha, maana asingependa kuona mtoto anaumwa njaa na yeye ana ghala.

Hapo, ndugu zangu, nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Ningesema panya wamekula. Nikamtazama mwanangu, macho yake hata hayanifuati tena. Nikasikia moyoni sauti inaniambia: funga huo uongo au umfunge huyu sanda. Nikapiga magoti sakafuni mbele ya wagonjwa wote.

Nikamwambia, "Mama, uwele niliwapa kuku."

Nikaeleza vyote, mlenda chini ya kitanda, karanga, simu zile nilizomdanganya. Nilitegemea anitukane, na angekuwa na haki. Mama yule akajifunga kanga vizuri, akapangusa macho. Kisha akasema, "Basi uwele haujapotea. Uko kwenye mayai. Tutayala hayo." Akanishika mkono akaniinua, akaongeza, "Na mimi ndiye niliyekukataza mayai. Tumekosa wote wawili, mwanangu."

Wapendwa, mimi nimewahi kuombewa kwenye mikutano mikubwa, nimewekewa mikono na watumishi. Lakini kuwekwa huru nilikujua pale, kwenye sakafu ya hospitali. Kitu kama jiwe kilinitoka kifuani. Tukaomba wote wawili, na safari hii sikuomba kwa ujanja. Nilisema Bwana, nimekosa, mtoto ni wako, nionee huruma.

Wauguzi waliendelea kumpa maziwa ya dawa, kidogokidogo kwa kikombe. Uvimbe ulipopungua nilistuka, maana mtoto alibaki mifupa. Kumbe ule unene wote niliousifia ulikuwa maji! Siku ya sita Yunisi akalia. Alilia kwa hasira, anaking'ang'ania kikombe, anataka kuongezwa. Wenzangu wodini walinishangaa, mtoto analia na mama yake anacheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo sijawahi tena kumwambia mtoto anyamaze kabla sijajua analilia nini.

Tulipotoka hospitali mama mkwe akakaa nasi mwezi mzima. Nesi alikuwa ameniambia mtoto anahitaji chakula cha kujenga mwili, na mimi nikawaza nyama na maziwa nitapata wapi, mume hana kazi. Mama mkwe akafungua ule mfuko mweusi wa chini ya kitanda. Tukaanza na tulichonacho. Uwele tunaosha, tunaanika, tunasaga. Uji wake unaiva, tunakoroga karanga zilizotwangwa laini, siku nyingine yai linapigwa linaivia humohumo. Mchana ugali laini na mlenda wa karanga, tone la alizeti juu. Nikapanda mchicha na maboga kwenye viroba vilivyochakaa, namwagilia kwa maji niliyooshea mboga. Dagaa kidogo tunatwanga. Kuku hawakuuzwa wote tena, na mayai yalianzia kwa Yunisi, ndipo yaliyobaki yaende sokoni. Kuku wenyewe nikawaachia pumba na mabaki, na hawakufa, wanatembea tu.

Lakini kupika kulikuwa uani! Siku ya kwanza nikaitoa ile sufuria ya uwele. Mama Debora alikuwa pale anachambua mchele. Nikasonga hivyohivyo. Aliona, akarudi kwenye mchele wake.

Yunisi alipopata nguvu za kusimama, kina mama wa maombi wakasema watakuja nyumbani kumshukuru Mungu. Mnajua desturi yetu, wageni wa namna hiyo wanapikiwa wali. Mume wangu akataka kwenda kukopa mchele, asiaibike. Nikamwambia Baba Yunisi, hapana. Tukikopa mchele leo, tutawaambia watu Mungu amemponya mtoto kwa kitu gani? Nikasonga ugali wa uwele sufuria kubwa, nikapika mlenda, nikapika majani ya maboga kwa karanga, nikakaanga mayai kwa kitunguu. Na Mama Debora nikamwita, ingawa si wa kanisa letu.

Wakala. Nilisimama pembeni natazama nyuso, bado ule ugonjwa wangu wa haya unanivuta sketi. Mama mmoja akasema hajala mlenda wa namna ile tangu mama yake afariki, akaomba tena. Sufuria ilibaki nyeupe. Wageni walipoanza kuaga, Mama Debora akanifuata jikoni pale uani. Nikajiandaa kwa neno lake. Akasimama anachezea mfuniko, yule dada mwenye mdomo. Halafu akaniambia, "Na wangu mashavu yamejaa hivyohivyo. Naogopa kumpeleka, watanicheka."

Asubuhi yake tulikwenda kliniki pamoja, mimi nimembeba mtoto wake, yeye amembeba wangu. Wake alikuwa ndiyo anaanza kuvimba, hakulazwa. Leo tunapika sufuria mbili jiko moja, na anasonga uwele kunishinda. Maneno hajayaacha, lakini sasa ananisema kuhusu chumvi.

Sijatajirika, wapendwa. Mume wangu bado anasubiri kazi ya rangi, kodi bado inatusumbua, na viatu hivi mnavyoviona si vyangu, vya mama mkwe. Lakini yule pale kwenye mkeka, anayewasumbua watoto wa Shule ya Jumapili tangu nianze kusema, ndiye Yunisi. Daktari hakuweza kuniahidi. Mungu wangu mwaminifu! Asante, Bwana. Asante kwa nesi yule aliyebonyeza mguu. Asante kwa mama aliyekuja na kiroba begani na hakunitukana.

Sasa nasema na mama mmoja. Uko humu, sijui umekaa wapi, na usinyanyue mkono. Mtoto wako ni mpole mno. Unamwona, na moyo wako umeshakuambia, lakini unaogopa watu watasema humlishi. Dada yangu, mwamini Mungu leo, na kumwamini kwako kuanze na miguu. Ibada ikiisha mimi sitakwenda nyumbani, nitakaa pale nje kwenye ngazi. Huna haja ya kunieleza kitu. Mlete tu, umweke mapajani mwangu, na kesho asubuhi tutakwenda wote kliniki. Mimi nitambeba.