Mguu wa Dereva wa Treni

Tangu kwenye treni hadi kwenye kivuko, kinyozi mmoja alikuwa amekaa kiti cha mbele ya mume na mke, akiwapa mgongo, na masikio yake yalikuwa kwao. Mume alikuwa dereva wa treni, mke fundi cherehani. Leo walikuwa wametoka kutembea, na walikuwa wamewekeana sharti: atakayegusa mambo ya kazi kwanza, mwenzake atachagua kijiji cha kushukia.

“Umeshindwa, Baba Pacha,” mke alisema. “Kwenye treni kila kona ulikanyaga breki. Tunashuka kijiji cha mwisho, kwenye mchanga mweupe.”

“Sijasema neno. Ni mguu tu.”

“Mguu wa nani? Wa jirani?”

Kinyozi aliuma midomo asicheke. Kiti chake ndicho kilichokuwa kikikanyagwa.

“Miaka yote napita kando ya ziwa hili,” mume alisema taratibu. “Sijawahi kuliangalia. Macho yangu huwa kwenye reli.”

“Basi liangalie leo, mume wangu. Ila hapo umeshaitaja kazi kwa mdomo.”

Mara kinyozi akahisi vidole shingoni. “Samahani, kaka, kola yako imefumuka. Ukipata uzi mweusi…” Mama Pacha akanyamaza ghafla.

“Endelea,” mume alisema. “Huo uzi mweusi aufanyeje?”

Walicheka wote watatu, kisha ubishi ukaanza upya, huyu akidai kijiji cha kwanza, yule cha mwisho. Kinyozi aligeuka awaamue, lakini walikuwa wameshafika gati la kwanza. Kivuko kilipoligonga, dereva alikanyaga breki, mkewe naye akakanyaga, na kinyozi akajikuta amekanyaga pia.