Paka Anapakuliwa Kwanza

Fundi bomba alipanda basi na paka wa mkewe kikapuni, uso umemvimba kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mwanamume mwingine. Mama mmoja, mfuga paka wa miaka mingi, alikuwa kiti cha pembeni. "Anaumwa, kaka?"

"Anatapika mara mojamoja tu, lakini mke wangu hali wala halali. Mimi nilipotapika alinisogezea ndoo kwa mguu, akarudi kulala!"

"Pole. Anakula? Anacheza?"

"Amenawiri kunizidi, dada. Na ndiye anayepakuliwa kwanza."

Mama akachungulia kikapuni. "Huyu mzima. Akitapika mfululizo au akisusa chakula, hapo mkimbilie daktari. Mara nyingi ni manyoya anayoyameza akijilamba, au pupa."

"Pupa anayo. Anafakamia kama anafukuzwa."

"Nani hukaa naye akila?"

"Mimi. Namkodolea macho mpaka amalize."

"Kumbe unamtapisha wewe! Anaogopa utamnyang'anya. Akila, toka jikoni."

Fundi akanywea. Kubembelezwa kote kule kwa paka, kumbe amemletea yeye mwenyewe! Basi likasimama. Akainuka na kikapu chake, akageuka mlangoni. "Nitoke, dada? Nimwache na mke wangu, wawili tu humo ndani?"