Mama Mkasi na Biskuti za Wifi Yake

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Agosti 1960, siku ya manyunyu yasiyokatika tangu alfajiri. Mama yake alipenda kusimulia kwamba nepi zote zilikuwa mbichi kwenye kamba, kwa hiyo mtoto akaviringishwa katika kitambaa cha meza kilichotariziwa maua, na alipofumbua macho alikikodolea kitambaa kile kuliko alivyomtazama yeye aliyemzaa. Alikuwa wa nne kati ya watoto sita. Dada yake mkubwa alisifiwa kwa sura na mdogo wake kwa sauti ya kuimba. Yeye wa katikati ilimbidi atafute kitu cha kusifiwa, akakipata kwenye mkasi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akaenda sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1978. Huko bwenini ndiko alikotengeneza kadi yake ya kwanza. Matroni aliugua, na marehemu akamtengenezea kadi ya pole kwa jalada la daftari na petali za maua alizozikausha chini ya godoro. Matroni aliipenda sana. Bahati mbaya, msichana aliyelala kitanda cha juu alikuwa ametengeneza ya kwake, kubwa zaidi, na matroni akaipenda hiyo pia. Marehemu aliukumbuka ukubwa wa kadi ya mwenzake mpaka uzeeni. Akiulizwa, alikuwa akiuonyesha kwa mikono miwili, na kila mwaka mikono ilizidi kuachana.

Tarehe 15 Januari 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha kukata na kujalidi, na hakuhama kitengo hicho mpaka alipostaafu mwaka 2015. Aliweza kukata mstari ulionyooka bila rula, na wenzake wakampa jina la Mkasi. Mkuu wa kitengo aliwaruhusu wafanyakazi kuchukua vipande vya manila vilivyobaki chini ya mashine. Wengine walivitumia kuwashia jiko. Yeye alivipanga kwa rangi ndani ya sanduku la viatu, chini ya kitanda.

Mume wake alikutana naye kibandani kwake, alikokuwa akitengeneza saa. Marehemu alimletea saa ya mkononi, akasema imekufa.

“Dada, saa hii haina ugonjwa,” fundi alimwambia. “Haijatiwa ufunguo tu.”

“Najua,” marehemu akajibu, na hakuondoka.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1982. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, na kuanzia hapo marehemu akawa Mama Mkasi kwa mtaa mzima. Waliishi katika nyumba ya mama mkwe wake, nyumba ya vyumba vinne na jiko moja, na sebuleni palikuwa na kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Kabati hilo lazima litajwe hapa, kwa sababu marehemu alilipenda kuliko samani nyingine yoyote. Kila mwisho wa mwaka, sikukuu ilipokaribia, alitengeneza kadi kwa ajili ya majirani na jamaa wote, na iliyopendeza kuliko zote mama mkwe aliisimamisha katikati ya kioo, mbele ya vikombe vya harusi, ikakaa hapo mwaka mzima. Kila mgeni aliyeingia aliiona kabla hajapewa kiti.

Kadi zake zilikuwa kadi kweli. Zilikuwa na madirisha yaliyofunguka, ngazi za karatasi zilizosimama zenyewe, ndege wa nyuzi za kushonea. Petali alizikandamiza ndani ya kitabu cha simu na kuzibandika moja moja kwa kibano cha mumewe, ambaye alikitafuta kibano hicho kibandani kwa miaka arobaini. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Binti yake alipomwomba amfundishe, alimjibu, “Utafundishwa nikizeeka.” Alipozeeka alisema bado.

Marehemu alikuwa na wivu. Familia ilikaa na kukubaliana jambo hili lisemwe, kwa kuwa wote waliopo hapa wanalijua, na wasifu usiolitaja ungekuwa wa mtu mwingine. Alikuwa mkarimu, hakusema uongo, alimuuguza mama mkwe wake miaka sita bila kunung’unika. Lakini sifa alizitaka kwake peke yake, na wakisifiwa wengine, chakula kilimkwama kooni.

Mwezi Mei 1999 dada wa mumewe, aliyekuwa amefiwa na mume, alirudi kuishi nyumbani. Alikuwa mpishi katika mkahawa wa hospitali. Alikuja na masanduku mawili, moja la nguo na moja la sinia za bati, kifimbo cha kusukumia unga na bomba za kupambia keki. Watoto walimwita Shangazi Siagi tangu wiki ya kwanza, na wiki ya kwanza hiyohiyo walianza kurudi mbio kutoka shuleni.

Sikukuu ya mwaka ule majirani walikuja kama kawaida. Marehemu alisimama mlangoni akigawa kadi. Wifi yake alisimama nyuma yake akigawa biskuti zenye umbo la nyota, zilizopambwa kwa sukari nyeupe na ya waridi. Wageni wakawa wanapokea kadi kwa mkono wa kushoto. Fundi bomba wa nyumba ya jirani, mtu mwema ambaye yupo hapa leo, alitafuta pa kuweka biskuti zake mbili, akaziweka juu ya kadi. Akala huku ameishika kadi kama sahani, chini ya kidevu. Alipomaliza aliitazama, akaikung’uta.

“Shemeji, kadi hii nzuri sana,” akasema. “Haijapitisha hata chembe.”

Sebule nzima ikacheka. Marehemu pia alicheka, na wote waliomfahamu walitazama sakafu. Kwenye ile kadi, juu ya ndege wa nyuzi, palikuwa na alama ya kidole gumba cha siagi. Jioni wifi yake alimwekea biskuti moja kwenye kisahani, iliyo nzuri kuliko zote, akamwambia, “Onja basi, wifi. Kutwa nzima hujatia kitu kinywani.”

“Tumbo langu na siagi havipatani,” marehemu akasema.

Kesho yake alipaka siagi kwenye mkate mbele ya watu wote, pande zote mbili. Na biskuti za wifi yake hakuzionja mwaka ule, wala uliofuata, wala miaka mingine mingi baada ya hapo. Kila sikukuu kisahani kiliwekwa mahali pake, na kila sikukuu alikisogeza kwa mtoto aliyekuwa karibu.

Mwaka wa pili alikata kadi ndogo mno, ili biskuti isikae juu yake. Wifi yake akaoka biskuti ndogo mno, zikakaa. Mwaka wa tatu wifi aliunda biskuti yenye umbo la bahasha, ameiandika kwa bomba “Heri ya Sikukuu”, na herufi zake zilikuwa nzuri. Mama mkwe, ambaye hakuwa na nia mbaya na mtu, alisema kitu kizuri kama hicho hakifai kuliwa, akakisimamisha katikati ya kioo. Kadi ya mwaka ule ikasogezwa pembeni, karibu na birika lisilo na mfuniko.

Biskuti ile ilikaa kabatini mwaka mzima. Marehemu alimweleza dada yake kwamba kila asubuhi alipofagia sebule aliichungulia kama imeota ukungu. Haikuota. “Dada, naionea wivu biskuti,” alisema. “Mtu mzima mimi, nina mume na watoto.” Dada yake alimcheka mpaka akaomba maji.

Siku moja wifi yake akiwa kazini, alijifungia jikoni akaoka za kwake. Alipima unga kwa rula, kwa kuwa ndicho kipimo alichokiamini, na alizikata kwa mstari ulionyooka kabisa. Mumewe alipewa ya kwanza. Aliigonga mezani, akaisikiliza kama anavyosikiliza saa.

“Mama watoto,” akasema, “hii niachie. Meza yangu kibandani mguu mmoja ni mfupi.”

Hakuoka tena. Lakini kila sikukuu alimtengenezea wifi yake kadi, na ilikuwa nzuri kuliko za watu wote. Hakuifanya nzuri kwa mapenzi. Aliifanya nzuri ili mwenzake aione, alale nayo, na ajue. Ndani aliandika maneno yaleyale kila mwaka: “Kutoka kwa wifi yako.” Wifi yake alipokea, akasema ahsante, akaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Watoto walizoea kusema kwamba katika nyumba ile hakuna waliojuana uzuri wa kazi kama wale wawili, na hakuna waliokuwa wagumu kuutamka kama wao.

Mwaka 2021 mikono ya marehemu ilianza kutetemeka. Mwaka 2023 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka, na alilazwa mara tatu. Wifi yake, aliyekuwa amestaafu, ndiye aliyempelekea uji wodini, na ndiye aliyejua muuguzi gani anapenda kubembelezwa na yupi anapenda kuogopwa. Mwishoni mwa mwaka jana marehemu alijaribu kukata dirisha la kadi moja, mkasi ukamponyoka, akajaribu tena, ukamponyoka.

“Nikukatie, wifi?” Shangazi Siagi akauliza.

“Kwani mimi nimekuuliza nikukandie?”

Sikukuu ile, kwa mara ya kwanza, haikuwa na kadi. Marehemu alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa. Majirani walifika, wakapewa biskuti, wakasimama sebuleni bila kukaa. Fundi bomba alikuwa na biskuti mkono huu na nyingine mkono huu.

“Sasa kadi ziko wapi?” akauliza.

“Mwaka huu hakuna,” akajibiwa.

“Hakuna kabisa? Mke wangu ameshatoa ya zamani ukutani, msumari uko wazi. Nikarudi nikamwambie nini?”

Mwingine akasema sikukuu haijakaa sawa, na mwingine akasema ametoka mbali kwa ajili ya kadi hiyo. Biskuti za sinia la pili zilibaki. Binti yake, aliyekuwa amekaa naye chumbani, anasema mama alisikia yote, akavuta shuka mpaka kidevuni na kulala usingizi mzuri. Jikoni, Shangazi Siagi aliyafunika masinia kwa kitambaa na kuketi. “Miaka yote hii,” alimwambia kaka yake, “nilidhani wanakuja kwa ajili yangu.”

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Mume alikuwa amemshika mkono mmoja na wifi mwingine. Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja, na wifi mmoja. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa kitengo cha kujalidi, na majirani wote, akiwemo fundi bomba. Mola ampokee, aipumzishe mikono ile, na ampe huko aliko mahali pa mbele ambapo hapana wa kumsogeza.

Limebaki jambo moja, ambalo wifi yake ameomba lisomwe mwisho. Jumatano, tarehe 12 Februari, jioni, kabla taa hazijawashwa, aliingia chumbani kwa mgonjwa akiwa ameficha kitu nyuma ya kanga. Ilikuwa kadi. Katika maisha yote ya Mama Mkasi hakuna aliyewahi kumtengenezea kadi, maana nani angethubutu. Marehemu aliigeuza, akaisogeza karibu na macho.

“Nani amekata hii?”

“Mimi.”

“Kwa kisu cha mkate?”

“Kwa kisu cha mkate.”

“Inaonekana. Upande huu umekimbia.” Akapapasa ua la karatasi lililokuwa katikati. “Na hapa umebandika kwa kitu gani?”

“Sukari ya kupambia. Gundi yako si umeifanya siri.”

Marehemu aliifungua kadi. Ndani kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa kalamu, na herufi zilikuwa nzuri: “Kutoka kwa wifi yako.” Akaomba isimamishwe kwenye stuli, upande aliolalia.

Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani mpaka kwenye ua. Binti yake alitaka kuitoa kadi nje. Marehemu alimkataza, akaagiza kibano cha baba, na kwa mkono ule unaotetemeka akawaondoa sisimizi, akikosa na kurudia, mpaka ua likabaki peke yake. Kisha akamega kwa ukucha kipande cha sukari iliyokauka, akakitia mdomoni, akakinyonya akitazama dari. Akasema gundi hii haifai. Akasema aletewe na biskuti ya wifi alinganishe. Wifi aliileta mwenyewe, kwenye kisahani kilekile, akasimama mlangoni. Marehemu aliila yote, akaokota na makombo kifuani kwa kidole kilicholowa mate, akakunywa chai, na akamwambia kwamba sukari imezidi kidogo.