Kwa Nini Damu ya Mkasi Imepanda Tena

Sogea hapa, lakini kwanza uape: hili lisitoke nje ya meno yako. Umeapa? Haya. Mkasi, yule fundi cherehani wa pale kona, ni mgonjwa wa damu. Zile chembe zinazogandisha damu ukijikata, kwake zimejazana kupita kiasi, zinataka kuziba hata pasipo na jeraha. Mwaka jana kidole cha mguu kilimgeuka buluu, kikawaka kama kaa la moto, na daktari akamwambia ashukuru ni kidole. Chembe zingeziba kichwani, angeanguka asiinuke. Ugonjwa wenyewe hauponi, unatulizwa tu: kidonge kila asubuhi, maisha yake yote. Mkewe, maana anamjua mumewe, akamkabidhi kwa Mama Birika muuza kahawa: "Dada, ameze mbele yako." Na Mama Birika hajawahi kukabidhiwa kitu akakipoteza.

Basi asubuhi moja Mkasi alitia kidonge mdomoni, akapiga funda la kahawa, Mama Birika akimtazama. Akainuka aende kutema mate nyuma ya ukuta, kama kawaida yake. Ghafla mkewe akatokea, akamvuta shati, akamkalisha benchini, naye akajibwaga ubavuni pake.

— Majibu yametoka, mke akasema. Chembe zimepanda tena. Daktari anasema kama dawa hii imeshindwa, atamwekea kali zaidi.

Mama Birika akaliweka birika chini.

— Anameza, mdogo wangu. Kwa macho yangu haya mawili.

— Shemeji, ni kahawa hiyo, akadakia Oili, fundi pikipiki. Damu ni kama oili ya injini. Ukiipasha moto kila siku inakuwa nzito.

— Kahawa yangu usiiguse! Mama Birika akamkemea. Wewe unakunywa birika zima, na damu yako maji matupu.

— Kosa ni la mashine, akasema Redio, mzee mstaafu asiyezimika. Mashine ya maabara inaendelea kuhesabu pale ilipoishia. Wamemjumlishia Mkasi chembe za mtu aliyepimwa kabla yake.

— Ikiwa aliyepimwa ni jitu la miraba minne je? Oili akauliza.

— Ndiyo hapo sasa!

— Mimi nasema cherehani, Oili akarudi. Mguu unakanyaga kutwa nzima, hiyo si pampu? Anajijaza damu kama mtu anavyojaza tairi upepo.

— Basi aning'inizwe miguu juu, Redio akatoa hukumu. Zote zitamiminika kichwani.

— Kichwani ndiko zisikotakiwa, mzee! Oili akamaka.

— Basi alazwe ubavu, azungushwe kama godoro linaloanikwa.

Benchi likacheka. Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe. Mkono ukamsimama ndani ya maji. Jina la Mkasi halikutokana na kushona. Huyu bwana hukata maneno ya watu, hamwachii mtu afike mwisho. Na leo Redio amemaliza sentensi zake zote, nzima nzima, wala hakuna aliyemkata.

— Mkasi, mbona mpole hivyo?

Mkasi akagusa koo, akakunja uso, eti linamuuma.

— Baba watoto, mkewe akamgeukia. Hawa wote wamesema. Wewe mwenye damu yako, unaonaje? Kwa nini zinapanda?

— Mmh.

— Mmh ndiyo nini?

Mwenye kuulizwa alikuwa anatazama pembe ya ukuta kama mtu aliyekosa gari. Redio, aliyeisubiri siku hii miaka mingi, akampiga kofi la mgongo kwa furaha.

— Sema bwana! Leo uwanja wako!

Mkasi akakohoa. Kidonge kikaruka, kikatua mapajani pa mkewe, kimelainika, kimevimba, rangi yake imebaki kwenye meno ya mwenyewe.

Mkewe akakitazama kile kidonge, kisha akautazama ule ukuta, kisha akamtazama mumewe.

— Lakini mbona najisikia mzima? akasema Mkasi, sauti ya chini.

Mkewe akafungua mkoba, akamtilia kidonge kingine kiganjani. Mama Birika akajipangusa mikono, akamimina maji glasi tele, akaja kusimama mbele yake kabisa.

— Meza. Halafu fungua mdomo. Inua na ulimi, nione.