Kambale Crispus na Baiskeli ya Padri, 1971–2025

Tunayemlaza leo hapa Karambi ni Kambale Crispus, aliyezaliwa kijiji hikihiki tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa marehemu Yokonia Mbusa na Mama Vasta Biira. Mama yake anasema hata alipokuwa mdogo alinusa uji kwanza, akamtazama aliyeupika, ndipo akanywa.

Alisoma shule ya msingi ya parokia tangu 1979, akaishia darasa la sita mwaka 1985. Mwalimu akitoa jibu la hesabu, Crispus aliipiga upya mwenyewe. Siku moja akamkuta mwalimu amekosea, akasema kwa sauti, akachapwa. Tangu hapo hakusema tena kwa sauti, lakini kupiga upya hakuacha.

Kazi yake ilikuwa chumvi. Aliitoa Katwe kwa baiskeli ya mizigo mpaka Kinyamaseke na soko la Bwera. Mwaka 1998 padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia baiskeli yake ya mbio, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Hiyo haikubeba chumvi. Ilikuwa ya misa na ya kutembelea watu, na hakuna fundi aliyeigusa. Waya ya breki ikianza kukatika nyuzi, Crispus aliichomoa mwenyewe. Alikata ganda jipya la kupitishia waya kwa kipimo cha lile la zamani, akapanua mdomo wake kwa msumari ili lisibane, akapaka grisi, akapitisha waya mpya, akaivuta kwa koleo na kukaza nati. Mafundi wa Bwera walimchokoza: "Crispus, na sisi tutakula lini?" Yeye akajibu: "Kuleni za wengine. Yangu iko na mwenyewe."

Tarehe 20 Januari 2001 alifunga ndoa kanisani Bwera na Benedicte Kavira, muuza vitenge kutoka Butembo. Kabla ya kumposa alirudirudi mezani pake kuuliza bei ya kitenge kilekile, aone kama atambadilishia. Benedicte akachoka: "Weye, unatafuta kitenge ao unatafuta bibi?" Crispus akasema, "Kwanza bei." Mungu akawajalia Evas, David na Shallon.

Mwaka 2022 Philippe Muhindo, mdogo wake Benedicte, alikimbia vita upande wa Beni akaja kukaa kwao. Noeli ya 2024 aliomba baiskeli ya mbio akasalimie ndugu ng'ambo. Marehemu akamjibu mbele ya watu wote: "Ikivuka mpaka haitarudi. Na weye hautarudi." Philippe akaacha sahani yake, akatoka. Watu waliliweka jambo hilo moyoni.

Kisukari kilikuwa kimeshamwingia marehemu. Macho yalififia na vidole vilikufa ganzi, hata waya ikamshinda kuingiza kwenye ganda. Februari mwaka huu alikubali, kwa shida, Philippe ambadilishie waya na maganda yote mawili. Alikaa kwenye kiti karibu naye akimlinda kama mwizi. Kazi ilipoisha alibana breki zote mbili kwa pamoja, akaisukuma baiskeli. Ikagoma kusogea. "Imeshika," akasema.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, akiipanda mara ya kwanza tangu ibadilishwe waya, akiteremka kutoka Karambi kwenda Bwera, baiskeli hiyo ilimrusha mbele akavunjika paja. Alilazwa Kasese. Kidonda kikakataa kupona kwa sababu ya sukari. Huku nyumbani neno lilikuwa moja tu: Philippe amekata waya. Marehemu naye aliliamini. Philippe akileta uji, aligeuza uso ukutani. Benedicte aliuchukua, akaunywa kidogo mbele yake ili aone hauna kitu, bado akakataa. Aliaga dunia Jumatano tarehe 2 Aprili, na uji wa shemeji yake hakuuonja.

Alhamisi mchana kaka yake mkubwa, Mzee Syahuka, aliiweka baiskeli uwanjani mbele ya ukoo. Alisema Philippe hatasimama kaburini. Akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, akabana breki ya mkono wa kulia, maana kwetu ya kulia ndiyo ya mbele. Gurudumu likaendelea kuzunguka.

"Munaona? Imekatwa!"

Benedicte akaja akabana ya kushoto. Gurudumu likasimama papo hapo.

"Haiko yenye kukatwa," akasema. "Inashika sana."

Philippe akatazama, akakaa chini kwenye vumbi. "Kwetu Butembo ya mbele inakuwaka ku mukono ya kushoto. Nilifunga sawa vile tunafungaka. Yaya, dada yangu, sikujua hapa ni kinyume."

Hapo watu wakaelewa. Kwenye mteremko marehemu alibana kwa nguvu mkono wa kushoto, kama siku zote, akijua anashika nyuma. Ikashika mbele.

"Miaka mitatu unapanda baiskeli za Bwera," Mzee Syahuka akamuuliza, "na haukujua?"

"Za mizigo, Mzee. Zile nilipanda, breki ilikuwa ku miguu."

Mzee akainama tena kwenye baiskeli. Alirudia kubana kulia, akabana kushoto, tena na tena. Marehemu angefanya vilevile. Ila yeye hakuipata habari hii, na hilo ndilo linalomliza mjane wake kuliko kifo chenyewe.

Marehemu ameacha mama yake, Vasta Biira. Mjane, Benedicte Kavira. Watoto Evas, David na Shallon. Kaka yake, Syahuka. Na shemeji yake, Philippe Muhindo. Jina hili la mwisho wengine walitaka lisisomwe. Mjane alisema lisiposomwa, na lake litolewe. Limesomwa. Philippe atabeba jeneza pamoja na wanaukoo. Mzee Syahuka amekubali, ila amesema yeye atatembea nyuma yake.

Bwana ampe Crispus pumziko ambalo halihitaji kulindwa.