Nati Nitafungua Mwenyewe, Rimu ni ya Fundi

Wapendwa, Mungu ni mwema. Hata mkiitikia polepole hivyo, bado ni mwema. Kiti nimekiona, asante, lakini niacheni nisimame. Nikikaa kuongea haya mambo miguu inaanza kucheza yenyewe chini ya meza, na nasahau nilikuwa nasema nini.

Kikundi chetu ni cha watu walioumia kazini, kwa hivyo kila mtu akiingia huo mlango tunamwangalia kwanza tujue ni wapi. Mimi ni huu mkono wa kulia. Ndani kuna vyuma. Sijawahi kuwaeleza ulivunjika vipi, kwa sababu nikisema ni tairi, watu wanafikiria nilikanyagwa na lori. Sikukanyagwa na kitu. Ilikuwa tairi ndogo ya kigari cha gofu, ambayo unaweza kuibeba kwapani ukaenda nayo sokoni.

Kazi yangu ni kuendesha vile vigari vya umeme kwenye hoteli moja hapa Nakuru yenye uwanja wa gofu. Havina milango, havina kelele. Unabeba wazee na fimbo zao, unabeba bibi harusi, unabeba masanduku kutoka getini mpaka vyumbani. Mimi ni mtu wa kule Bahati, nimekulia shambani nikisukuma wilbaro, na siku niliyopewa ufunguo nilizunguka uwanja mzima nikicheka peke yangu. Naipenda hiyo kazi kwa sababu haikai mahali pamoja.

Shida ni miiba. Kando ya njia zetu kuna miti ya miiba, na miiba hiyo inaingia kwa tairi kama sindano. Tukipata pancha tulikuwa tunamwita fundi kutoka mjini. Fundi mzuri, mpole, lakini akikwambia "niko njiani" ujue bado anatafuta viatu. Na mimi kungoja siwezi. Nilikuwa nazunguka hicho kigari kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Naangalia barabara, naangalia simu, narudi, napiga teke tairi.

Siku moja nikamwambia, "Boss, nionyeshe. Nimechoka kukungoja."

Akacheka, akanionyesha bila choyo. Toa ufunguo. Vuta breki. Weka jiwe nyuma ya gurudumu lile lingine. Legeza nati kabla hujainua, gurudumu likiwa bado chini. Halafu jeki, halafu unatoa hilo bovu, unaweka la akiba. Nikajaribu mbele yake nikaweza. Ndugu zangu, nawaambia, nilienda nyumbani siku hiyo nikiwa na mafuta mpaka kwa paji la uso, na sikunawa haraka. Nilitaka mzee wangu, yaani mume wangu, aone.

Kutoka hapo gurudumu likiharibika nalibadilisha mwenyewe, na hilo bovu anakuja kulichukua fundi alizibe. Hapo hakukuwa na ubaya wowote. Ningebaki hapo, leo ningekuwa nimewasalimia kwa mkono huu.

Lakini mkubwa wetu akaona. Akafurahi sana, akasema mbele ya watu wote, "Kumbe fundi tuko naye hapa ndani!" Kompresa, ile mashine ya kujaza upepo, ikatafutwa stoo, ikapanguswa vumbi. Nikaambiwa sasa nimalize kazi yote: nitoe tairi kwa rimu, kile chuma cha gurudumu, nizibe, nirudishe, nijaze upepo. Hakuna aliyeniuliza kama najua. Na mimi nilipoambiwa fundi nilisimama wima, sikuwaza kuuliza.

Zile za kwanza ziliingia vizuri. Halafu ikaja moja mbishi. Zile tairi ni fupi na ngumu, ukingo wake unakataa kukaa kwa rimu. Nilijaza upepo, haukai. Nikaongeza. Nikasikia inalia kidogo, nikadhani inataka kuingia. Nikainama, mkono juu ya rimu, niisukume. Wageni walikuwa wanangoja kule getini na nilikuwa nataka iishe.

Ikapasuka, na mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka nimekaa kwa nyasi, masikio yanapiga filimbi, na mwenzangu wa kazi amesimama mbele yangu anafungua mdomo na sisikii neno. Nikaangalia mkono wangu nikauona unaangalia upande ambao mkono hauangalii.

Sitaeleza ya hospitali. Kila mtu hapa ana yake.

Ya nyumbani ndiyo nataka mnisikie. Mtu ambaye hajazoea kukaa, ukimwambia akae, anaoza. Asubuhi mzee wangu anakama ng'ombe, mimi nimesimama nyuma yake namwambia anakosea. Anapika, namwambia chumvi. Natoka nje, nafuata ua mpaka mwisho wa shamba, narudi, nafuata tena. Nyasi za pale zilikufa, zikawa njia. Jirani akauliza kama kuna kitu nimepoteza.

Na ule mlio wa upepo ukitoka! Lori likifunga breki pale barabarani, shhh, naruka. Mtu akifungua soda, naruka. Mtoto wa jirani alikuwa anapiga pampu baiskeli yake, na mimi nikajikuta nimeingia zizini kwa ng'ombe, sijui nimefikaje. Dada, unatikisa kichwa, wewe unaelewa. Mzee wangu alinifuata huko, akasimama mlangoni mwa zizi, akasema tu, "Pole. Kijana amemaliza." Hakucheka. Namshukuru Mungu kwa sababu hakucheka.

Plasta ilipotolewa nikarudi kazini, lakini nikapelekwa chumba cha shuka. Kukunja shuka. Daktari alisema ni zoezi zuri kwa vidole, na ni kweli, lakini kile chumba kina dirisha moja na dirisha lenyewe linaangalia njia ya vigari. Nakunja, naangalia. Nilikuwa nakunja shuka moja mara mbili bila kujua.

Sasa, kukawa na harusi pale kwa nyasi. Mvua inanukia upande wa Menengai, kila mtu anakimbia. Mwenzangu, huyo niliyewaambia alinikuta kwa nyasi, ni mzaliwa wa Nakuru hapa, babu yake aliletwa na kazi ya reli kutoka magharibi. Kwa usukani hana mpinzani, lakini spana hajui inashikwa upande gani. Akaingia chumba cha shuka anahema, ananiita mathe, yaani mama, kama kawaida yake.

"Mathe, tairi imeenda. Katikati ya mlima. Na niko na shosho wa bibi harusi kwa gari."

"Mpigie fundi."

"Fundi ako Gilgil. Anasema tumngoje."

"Basi mngojeni."

"Shosho hawezi kutembea, nyonga zake mbovu. Na bibi harusi amesema haingii bila yeye."

"Si mmbebe?"

"Amekataa. Amesema yeye si gunia la viazi."

Nilicheka, na nikicheka nikajua nimeshasimama. La akiba lilikuwa stoo, fundi alikuwa amelijaza upepo zamani. Nikamwambia mwenzangu alibebe. Tukashuka.

Shosho, huyo nyanya wa bibi harusi, alikuwa mtu wa Subukia, amefunga kitambaa cheupe, mkoba kwenye magoti, uso wa mtu anayechelewa. Tukamtoa kwa gari, tukamkalisha kwa kiti chini ya mwavuli. Pale palikuwa na mteremko, na huwezi kuinua kigari kwa mteremko, kitakurukia. Tukakisukuma polepole mpaka mahali tambarare. Nikasema, mwenzangu akafanya. Ufunguo. Breki. Jiwe. Nati. Moja ilikuwa imekataa, akapanda juu ya spana na mguu kama anapanda ngazi, ikakubali.

Nikashika lile gurudumu bovu kwa mkono wa kushoto kulivuta. Na lilikuwa bado na upepo kidogo ndani. Likapumua, shhh, karibu na uso wangu.

Niliachilia. Nilirudi nyuma mpaka kwa maua ya watu. Miguu ilikuwa imeshaamua kwenda. Mwenzangu akaanza kusema "Pole, mathe, pole, tungoje tu fundi."

Shosho akaniangalia kutoka chini ya mwavuli. "Wewe ndiye yule tairi ilivunja mkono?"

Nikasema ndiyo, shosho.

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Basi huo uoga uache hapo kwa maua, utauchukua ukirudi. Saa hii tuna harusi."

Wapendwa, nilikuwa nimeombewa, nikapewa mashauri, nikaambiwa uoga si wa Mungu, na yote nilishukuru. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba naweza kufanya kazi nikiwa bado naogopa. Nilikuwa nangoja uoga uishe ndipo nianze. Nikarudi pale. Sikuwa na ujasiri wowote, msinisingizie. Nililivuta lile gurudumu nikiwa nimegeuza uso, tukaweka lingine, nati kwa vidole kwanza, tukashusha, akakaza. Shosho akapandishwa. Nikaingia kwa usukani mwenyewe bila kuuliza mtu, na tukafika kabla ya mvua.

Huko kulikuwa kuzuri, lakini siyo hapo nilipojisimamia kweli. Nilijisimamia baadaye, wageni wakila. Mkubwa wetu alikuja ananishika bega. "Umerudi! Sasa na hilo bovu si ulizibe kesho? Kompresa iko."

Nikageuka nikamtazama. Nikamwambia, "Hapana."

"Lakini umepona."

"Nimepona, ndiyo maana nakataa. Gurudumu nitabadilisha siku yoyote. Kuingiza tairi kwa rimu ni kazi ya fundi, na fundi alipwe."

Akatoa mkono begani. Nilidhani nitarudishwa kwa shuka. Akasema, "Sawa. Lipeleke kwake basi."

Nikalipeleka mimi. Kwa fundi kuna kizimba cha chuma, tairi inaingia humo kabla ya kujazwa, na mpira wa upepo ni mrefu, yeye anasimama mbali kando. Kumbe hata yeye haiamini! Alipowasha nilitoka nje. Nikazunguka maduka, nikarudi. Nikatoka tena. Hakunikemea, alisema tu, "Ukiwa tayari simama upande huu wangu." Mwishowe nikasimama. Ikalia, ikakaa kwa rimu, nikalia na mimi.

Sasa niko kwa usukani. Kompresa ya stoo iliuzwa.

Ninachowaambia ni hiki, na sijui kama kitawafaa. Katika shida yako kuna sehemu ambayo ni nati. Hiyo ishike mwenyewe hata kama bado unaogopa, usikae kando ya barabara ukingoja mtu wa Gilgil. Na kuna sehemu ambayo ni rimu. Hiyo usiinamie. Ita anayejua, mlipe, na usione haya. Mimi niliumia kwa kutojua zinatengana wapi.

Nawashukuru madaktari. Namshukuru mwenzangu aliyepanda juu ya spana. Mzee wangu, yuko pale nyuma anajifanya haangalii, asante kwa ng'ombe na kwa chumvi.

Na kuna mmoja hapa, sitamtaja. Mkono ukiwa kwa plasta nilikaa wiki nyingi bila kuosha nywele vizuri, na nilikuwa naona haya kumwambia mtu. Wewe ulikuja na ndoo yako ya maji moto, ukaniinamisha kwa karai, ukaniosha, ukanisuka, ukaenda. Hukuniuliza kitu. Dada, sikuwa nimekuita. Ulikuja tu.