Bibi Veronica na Saa ya Kufunga

Hotuba ya Mwalimu Aneth Ntahondi, katibu wa kamati ya mradi, katika ufunguzi wa Kijiji cha Utamaduni Nyakibingo, Kasulu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani Raymond Bihaga, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati yetu, mashehe na wachungaji mliotufungulia kwa dua na sala, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kibondo, Kakonko, Manyovu na kwingineko, walimu wenzangu, vijana wa ngoma, na wewe Bibi Veronica, ambaye itifaki imekusahau ingawa kiwanja tulichokalia ni chako: nawasalimu wote kwa heshima.

Nimepewa risala niisome. Imeandikwa vizuri, na neno "fursa" limo karibu kila mstari. Imo mkobani, na itabaki mkobani. Mwenyekiti, usinikonyeze, nitamaliza mapema kuliko risala. Nina haraka kuliko ninyi nyote, kwa sababu nimesimama mahali ninapoyaona mawingu yale upande wa Munanila, na ninyi mmeyapa mgongo.

Lakini nianze na sifa, maana sifa zipo.

Mwaka jana mwezi wa saba, wafadhili wetu walitupeleka watu watatu Edmonton, mji wa magharibi ya Kanada, tukaone wenzetu wanavyovuta wageni. Alikwenda Mheshimiwa Diwani. Alikwenda Ndugu Isack, mpiga picha wa kamati. Nami nilikwenda kama mkalimani. Mwenyeji wetu alikuwa Gentille, yule binti wa Kikongo aliyekulia kambini Nyarugusu. Wengi wenu mlinunua vitenge kwake. Sasa anaishi kule, na anafanya usafi katika jumba moja la maduka ambalo, ndugu zangu, mkiambiwa ukubwa wake mtadhani ninawatania. Ndani yake, chini ya paa, kuna uwanja wa barafu ambapo watoto wanateleza katikati ya kiangazi. Kuna simba wa baharini wanaopigiwa makofi. Na kuna bahari, bahari kabisa, yenye ufuko na mawimbi. Honi inalia, watu wanapiga mayowe ya furaha, halafu mawimbi yanakuja.

Tulisimama ukingoni na Gentille. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kwao, "Mwalimu, huku batu banalipaka pesa ili baogope kidogo. Siye tulivuka ziwa Tanganyika, mama akanifunika macho na kitenge. Hakuna mutu alitulipisha."

Mheshimiwa Diwani, ambaye hapendi ukimya, akamuuliza, "Binti, na haya mawimbi yanazimwa saa ngapi?"

"Saa ya kufunga, papa. Banazima, bote banaenda kwabo."

Yale maneno niliyachukua kama mzaha wa njiani. Leo sina hakika kama kuna mtu mwingine aliyetueleza biashara ya utalii kwa ufupi kuliko yule mfagiaji. Kivutio ni kitu ambacho jioni kinazimwa, na wote wanaenda kwao.

Kesho yake tukapelekwa kwenye kijiji cha makumbusho kando ya mto. Nyumba za mbao za zamani, garimoshi la mvuke, barabara za vumbi, na watu waliovaa kama walivyovaa babu zao. Hapo ndipo Mheshimiwa wetu alipofanya jambo ambalo nitalikumbuka mpaka nitakapostaafu. Tuliingia katika nyumba isiyo na taa wala waya. Ndani alikuwa mama mtu mzima, gauni refu mpaka vifundoni, kilemba cheupe kichwani, anasukasuka maziwa kwenye pipa la mbao ili apate siagi. Jasho linamtoka. Mheshimiwa alisimama mlangoni akaona huruma. Akavua kofia. Akainama, akapiga makofi yale ya heshima, taratibu, kama Muha aliyelelewa akalelewa. Akamsalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mama." Kisha akanigeukia: "Mwalimu, mwambie avumilie. Mwambie umeme utafika. Hata sisi Kasulu gridi ya taifa imetufikia juzijuzi tu."

Mnacheka? Chekeni. Hata yeye anacheka, mwoneni. Mimi sikujua nitafsiri nini. Nikatafsiri yote. Yule mama alituangalia, akaelewa, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha naye akainama, akajaribu kupiga makofi kama yetu. Jioni, saa kumi na moja, tukiwa tunasubiri gari langoni, tukamwona anatoka. Kilemba hakipo. Amevaa suruali ya jinzi. Akaingia kwenye gari lake jekundu, akatupungia mkono, akaenda zake nyumbani, kwenye umeme wake.

Ndugu Isack akasema, "Mheshimiwa, umeahidi umeme kwa mtu mwenye gari."

Mheshimiwa akajibu, na ninamsifu kwa jibu hili mbele ya watu wote: "Heshima haipotei, Isack. Nimempa mama, si gari."

Mtu anayesema hivyo ni mtu mwema. Ndiyo sababu nazungumza naye leo hapa na si vichochoroni.

Kabla ya kufika langoni, tulikuwa tumepita sehemu ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Pale hatukukuta waigizaji. Tulikuta mzee wa Kikrii, kabila mojawapo la wenyeji hao, amekaa, anaeleza habari za watu wake kwa mdomo wake. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema walikaa na wajenzi muda mrefu kabla nguzo ya kwanza haijasimama, wakawaambia: hili onesheni, hili tuachieni. Nilitafsiri na hilo. Mheshimiwa, ulikuwa pale. Isack, ulikuwa pale, unapiga picha garimoshi.

Tukarudi. Picha zikaoneshwa ukutani kwa mashine, watu wakashangilia, na likazaliwa wazo la Nyakibingo. Nani angelipinga? Sisi Waha tulifua chuma kabla ya wengi wanaotucheka. Tuna mawese, tuna vyungu, tuna ngoma, tuna salamu ndefu kuliko barua za watu wengine. Wageni wanaofika Kigoma wanakimbilia sokwe, kisha wanapanda ndege. Wazo lilikuwa zuri, nikaliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nililoshindwa ni lile lililofuata, na nilishindwa kwa kura, kikaoni, nikiwa nimesimama.

Kilima hiki kilichaguliwa kwa sababu kina mandhari. Kilikuwa pia na mtu. Bibi Veronica ameishi hapa tangu alipoolewa. Anakamua mawese nyuma ya ile migomba; nusu ya Kasulu imekaanga kwa mafuta yake. Mwanawe Cleophas, fundi uashi kule Kakonko, alijinyima akamwezekea mama yake mabati. Mkumbuke vizuri furaha ile, maana mlikuja kuila: mlipikiwa wali na kuku siku nyumba ilipoacha kuvuja.

Kamati ikaamua kwamba nyumba ya Bibi Veronica ndiyo itakuwa nyumba ya mfano. Nikauliza, "Yenye mabati?" Ndugu Isack akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwenda ng'ambo: "Mwalimu, asili haiendi na mabati. Mzungu hapandi ndege kuja kuona bati." Mheshimiwa naye akasema, "Mwalimu Aneth, usiwe mtu wa kupingapinga."

Basi, Jumatatu mabati yakashushwa. Mnaiona nyumba ile pale. Nyasi zimefika nusu ya paa, halafu mwezekaji akaitwa kwenda kujenga lango. Vyungu vya bibi vimebandikwa namba. Na bibi mwenyewe amepewa ajira, ndiyo, ajira, kwa mkataba! Aje asubuhi, avae kanga tuliyomchagulia, akamue mawese wageni wakiwapo. Saa kumi na moja jioni aondoke, lango lifungwe kwa kufuli, vyungu visije vikaibiwa.

Nilikuwapo siku alipoelezwa masharti. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa mafuta. Akasema, "Kazi nimeielewa, baba. Hiyo naijua. Saa kumi na moja nyie mnafunga. Sasa mimi naenda wapi?"

Ndugu Isack alisema, "Bibi, hilo tutaliangalia."

Nani ameliangalia? Nauliza kwa nia njema kabisa: kuna mjumbe hata mmoja aliyeliangalia? Tangu Jumatatu bibi analala jikoni kwa jirani, juu ya mkeka, karibu na majivu. Jana nilimkuta anakohoa. Nilipomuuliza kama ameshitaki kwa mtu, akaniambia, "Nishitaki nini, mwanangu? Nyumba haijaibiwa. Ile pale, naiona."

Ndugu wageni waalikwa, mimi ni mtu wa kusoma, na kusoma kwangu kunaniogopesha. Nimesoma habari za maonesho ya zamani huko Ulaya, watu wa rangi yetu walipowekwa ndani ya uzio pamoja na vibanda vyao ili familia za mjini zije kuwatazama siku ya Jumapili. Tukisoma habari hizo tunakasirika, na tunafanya vyema. Lakini wale walifungiwa ndani. Sisi tumebuni jipya: mtu wetu tunamfungia nje!

Tulichokiona Edmonton tulikiiga kasoro kitu kimoja. Tumeiga nyumba isiyo na taa, tumeiga vazi, tumeiga saa ya kufunga. Hatukuiga gari jekundu. Yule mama wa siagi aliigiza umaskini wa bibi yake kisha akarudi kwake. Sisi tumemchukua mtu aliyekwisha kutoka kwenye nyumba ya nyasi, tukamrudisha humo kwa nguvu za kikao, kisha tukamwambia aigize. Mawimbi yake sisi hatuna mashine ya kuyazima.

Ninaogopa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Sioni aibu kulisema jukwaani. Ninaogopa kwamba mtoto wa Nyakibingo atamfahamu bibi yake kwa tiketi. Ninaogopa kwamba tukizoea kilima hiki tutahamia kinachofuata, na nyumba yoyote itakayopendeza kwenye picha mwenyewe atalala jikoni kwa jirani. Najiogopea na mimi. Walimu wenye midomo huwa wanahamishwa, na barua hazichelewi. Lakini kuliko yote hayo ninaogopa jambo dogo ambalo halihitaji kitabu. Ninaogopa mvua. Upepo umegeuka, mmeusikia? Nyumba ile ina nusu paa, na ndani yake kuna godoro, kuna unga wa muhogo, kuna picha ya marehemu mume wake ukutani.

Nimesikia, bibi. Ndugu zangu, Bibi Veronica ananiambia nifupishe, chikichi zake ziko motoni na maji yanakauka. Yeye hajui kuigiza. Mmemwalika kwenye sherehe, yeye amepita kazini kwanza. Nafupisha, bibi.

Mheshimiwa Diwani, nakugeukia wewe, na nakugeukia kwa heshima. Ulimwinamia mama usiyemjua, katika nchi ya watu, ukamwahidi umeme ambao hakuuhitaji. Mama unayemjua, aliyekulisha, umemvua bati. Sitaki kuamini kwamba moyo ule ulibaki Edmonton. Naamini uliusahau tu, kama mtu anavyosahau koti kwenye gari, na koti linarudishwa. Huyu hapa yupo mstari wa pili. Mwinamie kama ulivyomwinamia yule.

Mtaniuliza, mabati yako wapi? Hilo ndilo nililolisubiri, na ndilo lililonifanya nisikae kwenye kiti changu tangu tulipofika.

Tazameni juu.

Jukwaa hili lililowekewa viti vya kitambaa, maua na maji ya chupa, mlijiuliza limeezekwa na nini? Tazameni bati lile lenye doa la rangi ya bluu. Cleophas alilipaka mwenyewe mahali palipokwaruzwa njiani kutoka Kakonko. Matundu ya misumari mnayoyaona yakipitisha mwanga ni ya paa la mama yake. Kamati ilitaka wageni wasinyeshewe. Kamati ilifikiria mvua! Ilifikiria mvua ya leo, kwa ajili ya watu watakaokaa saa mbili, ikasahau mvua ya usiku kucha kwa mtu ambaye hapa ndipo kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkasi uko kwenye sinia, na sikuombi usikate utepe. Naomba ukate baadaye kidogo. Kijiji hiki nakipenda na nataka kifunguliwe. Kifunguliwe na Bibi Veronica akiwa ndani, paa lake likiwa lake, ufunguo wa lango ukiwa kwenye upindo wa kanga yake. Yeye atuambie lipi tuoneshe na lipi tumwachie. Mgeni akishangaa kuona bati, tumwambie ukweli: hii nayo ni historia yetu, mtoto alimwezekea mama yake.

Ni saa kumi na nusu. Kwa ratiba yetu, muda si mrefu lango linafungwa. Ngazi nimekuja nayo, ipo nyuma ya turubai. Nyundo anayo Cleophas, yule pale mwenye shati la kijani, ambaye tangu asubuhi amesimama akitazama juu na hakuna aliyemuuliza anatazama nini. Vijana wa ngoma mna nguvu na mmeshapumzika. Tukianza sasa tutanyeshewa sisi, tutakauka kesho. Yeye atalala kwake leo.

Mwenyekiti, naona umesimama. Naona umevua kofia. Sijui kama unakuja kuninyang'anya kipaza sauti au unakwenda mstari wa pili, kwa hiyo namalizia kabla sijajua.

Ndugu zangu wote, nawashukuru kwa kunisikiliza mkiwa wakavu. Sasa naomba msimame na mbebe viti vyenu, maana siwezi kung'oa bati juu ya vichwa vya wageni waliokaa.